Ukienda Kwenye Mbina Bariadi, Usikae Kwenye Kiti

Pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, Simiyu hubadilika. Kuanzia Juni hadi Agosti, viwanja vya Bariadi, Itilima, Meatu, Maswa na Busega hujaa vumbi, njuga, filimbi na watu. Hiyo ndiyo mbina, ngoma ya ushindani ya Wasukuma. Kama umehamishiwa huku kikazi, umeoa au kuolewa huku, au unapita tu kuelekea Serengeti, nenda. Ila nenda ukijua kazi yako uwanjani. Wageni wengi hufika, hupiga picha mbili, kichwa huwauma, wakaondoka kabla ngoma haijakolea.

Kazi yako ni hii: wewe ndiye hakimu.

Makundi mawili hucheza kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, umbali kidogo kutoka moja hadi jingine. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Kila kundi linapiga, linaimba na kuruka ili likuvute wewe utoke kule uje huku. Kwa utaratibu wa jadi, kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo miguu yako ni kura. Ukisimama hapa, umepiga kura hapa. Ukihama, umehamisha kura. Zile kelele zote, na yule kijana anayepuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo inasimama, vinakutafuta wewe.

Ndiyo maana nasema usikae kwenye kiti. Aliyekaa hapigi kura. Viti waachie wazee.

Ukifika mara ya kwanza, fanya hivi. Usikimbilie kundi lenye watu wengi. Zunguka uwanja wote kwanza, kwa nje, taratibu. Sikiliza kila upande kwa dakika kadhaa. Kisha ingia upande uliokugusa na ubaki hapo mpaka uone wamefanya jambo kubwa. Ukisikia mlipuko wa shangwe upande wa pili, nenda. Rudi tena ukitaka. Mtu hatukanwi kwa kuhama. Kuhama ndiko kunakoufanya mchezo uwe mchezo.

Kabla hujatoka nyumbani, muulize mwenyeji wako swali moja: "Ninyi ni Wagika au Wagalu?" Hilo ndilo swali la kufungulia mazungumzo huku. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Usukuma. Chimbuko lake ni karne ya 19, kwa viongozi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha, walioshindana kujua nani ana ngoma kali na dawa kali zaidi. Waliowafuata wakagawanyika pande mbili, na mpaka leo makundi mengi ya ngoma hujitambulisha kwa upande mmoja au mwingine. Mara nyingi mtu hurithi upande kutoka kwa wakubwa zake. Wewe mgeni huna upande, na hiyo ni bahati yako: wote watataka kukuvuta.

Mwache mwenyeji wako akueleze kwa nini upande wake ndio wenye ngoma. Usimkatize. Utapata historia ya ukoo mzima bila kuomba. Na akimtaja Ng'wanamalundi, tulia usikilize zaidi. Huyo ni mganga na mcheza ngoma anayesimuliwa Usukuma nzima. Wanasema alinyoosha kidole tu, miti ikakauka. Kila mzee ana namna yake ya kuisimulia habari hiyo.

Sasa, tarehe utaipata wapi? Ngoma nyingi za vijijini hazina mabango. Uliza mnadani, maana siku ya mnada habari zote za vijiji hukutana pale. Uliza kijiwe cha bodaboda. Mpigie mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Saba Saba na Nane Nane ni siku za kuzitazama kwa karibu, kwa sababu mapumziko ya kitaifa huangukia katikati ya msimu wa ngoma. Viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, ndivyo vilivyobeba maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, na kwenye mikusanyiko ya aina hiyo ngoma za asili hupewa nafasi yake.

Lakini jua tofauti. Kwenye sherehe ya kiserikali au tamasha lenye mdhamini, ngoma hupewa muda mfupi, kuna jukwaa, na huenda kukawa na majaji wenye karatasi. Ni nzuri kwa kuonja. Mbina yenyewe, ile ya pande mbili kugombania umati mpaka jioni, iko vijijini. Kama una siku moja tu, chagua kijiji.

Kufika si kazi. Ukitokea Mwanza, panda gari la Lamadi, pale Busega kando ya ziwa, kisha ukate kuelekea Bariadi. Ukitokea Shinyanga, pita Mwigumbi na Maswa. Zote ni barabara za lami. Kutoka barabara kuu kwenda kijijini utapanda bodaboda. Hapo usifanye haraka: kubaliana bei ya kwenda na kurudi, chukua namba ya dereva, na mwambie saa ya kukufuata. Jua likizama na watu wote wakataka kuondoka pamoja, bei hupanda na pikipiki huadimika.

Nenda alasiri. Asubuhi vijana bado wanajiandaa, na saa sita jua ni kali. Kuanzia saa tisa hivi uwanja huanza kukolea.

Vaa viatu vya kufunika vidole. Utakanyagwa, hilo lina uhakika. Vaa nguo usiyoionea huruma, maana vumbi la Simiyu wakati wa kiangazi halichagui. Beba kofia, maji yako mwenyewe, na kitambaa cha kufunika pua. Beba na sweta kama utachelewa, kwa sababu usiku wa Julai huku una ubaridi. Simu iwe mfuko wa mbele, na pochi kubwa ibaki nyumbani.

Chenji fedha kabla hujaondoka mjini. Hili watu hulisahau, halafu wanajuta. Kutunza ni sehemu ya ngoma. Mchezaji akikugusa moyo, unamtunza papo hapo, mbele ya watu, kwa noti ya elfu moja au elfu mbili. Ukiwa na noti ya elfu kumi peke yake utaishia kuikumbatia. Usitegemee simu, maana kundi la watu wengi hulemea mtandao. Noti usiitupe chini. Mpe mkononi, au iweke mahali utakapoona wenzako wanaweka. Angalia wanawake wa pale wanavyofanya, kisha fuata.

Salamu kwanza, ngoma baadaye. Ukifika uwanjani tafuta wazee, uwasalimie. Asubuhi ni "Mwangaluka", mchana na jioni ni "Mwadila". Ongeza "baba" kwa mzee wa kiume, "mayu" kwa mama. Ukiulizwa hali, jibu "Mhola". Ukipewa kitu, hata nafasi ya kusimama, sema "Wabeja". Maneno hayo yatakufungulia njia mpaka mstari wa mbele. Usiyataje kwa haraka. Msukuma akisalimia husalimia kweli.

Sasa twende kwenye ngoma zenyewe, maana si zote zinatazamwa kwa namna moja.

Bugobogobo ndiyo yenye kishindo kikubwa, na mimi naipenda kuliko zote. Ngoma ni kubwa, zinapigwa kwa nguvu, na wachezaji wana majembe mikononi. Chimbuko lake ni shambani. Vijana walilima kwa kundi, ngoma ikiwapa mwendo, na jembe likashuka pamoja kwa wote. Uwanjani, jembe hilohilo linazungushwa, linarushwa hewani na kudakwa. Simama hatua kadhaa nyuma ya mstari wa wachezaji, upande wa kulia au kushoto, si mbele yao moja kwa moja. Kabla ya kutazama majembe, mtazame mpiga ngoma mkuu. Ukishika pigo lake, utajua jembe litaruka lini, na utaanza kushangilia kwa wakati pamoja na wenyeji badala ya kushtuka baada yao.

Wigashe ni tofauti kabisa. Hapa wachezaji wamekaa. Kinachocheza ni mabega, mikono na kichwa, na sauti zinapandana. Hapa uzito uko kwenye maneno. Kama una mzee au mtoto anayechoshwa na kishindo, mpeleke kwenye wigashe. Sogea karibu, nyamaza, sikiliza.

Bununguli ni ngoma ya chama cha wawindaji wa nungunungu. Itambue kwa miba ya nungunungu wanayojipamba nayo.

Halafu kuna wachezaji wa nyoka. Vyama vya Buyeye na Bugoyangi vina sifa ya kujua nyoka, kuwakamata na kujua dawa zao. Mara nyingi utaona chatu akiwa shingoni mwa mchezaji, na umati wote ukikimbilia huko. Kumbuka mbinu ya mchezo: nyoka ameletwa kuvuta watu. Na kweli utavutwa. Ila weka sheria zako mapema. Usiingie ndani ya duara. Usimguse nyoka hata ukiambiwa hana neno. Mtoto ashikwe mkono. Hakikisha nyuma yako kuna upenyo, kwa sababu mchezaji akimsogeza nyoka kuelekea watu, umati hurudi nyuma kwa mpigo, na aliyebanwa nyuma ndiye anayeanguka.

Ikitokea mtu ameumwa na nyoka yeyote, awe wa ngomani au wa porini njiani, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, vua pete na bangili, mpeleke hospitali bila kuchelewa. Bariadi ndiko iliko hospitali ya rufaa ya mkoa.

Utasikia pia habari za dawa. Viongozi wa ngoma tangu zamani hutumia dawa za kuvuta watu, zinaitwa samba, na wengi huamini kuwa ushindani wa kweli uko kwenye dawa hizo kabla hata ya pigo la kwanza. Si lazima uamini. Ila usicheke, usiokote kitu kilichowekwa kwenye uwanja wa ngoma, usiguse ngoma, usinga wala kibuyu cha kiongozi. Ukitaka kujua kitu ni nini, muulize mtu wa kundi lile baada ya mchezo. Wengi hujibu vizuri wakiulizwa kwa heshima.

Familia nyingine, kwa sababu za dini, haziendi kwenye ngoma hizi. Mwenyeji wako akisema yeye haendi, usimshawishi. Nenda na mwingine. Na kama wewe mwenyewe una wasiwasi wa aina hiyo, kuna mlango mwingine: Bulabo ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Hii hufanyika Juni, ikifungamana na sikukuu ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ndiye aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora na kuzikaribisha ngoma karibu na altare. Wagika na Wagalu hushindana pale pia. Ukianzia Bujora, makumbusho yatakuonyesha vifaa na historia, kisha utakuja Simiyu ukiwa unajua unachotazama.

Tafuta mkalimani, hata kama Kiswahili chako ni kizuri. Nyimbo ni za Kisukuma, na nusu ya utamu iko humo. Mtunzi na mwimbaji kiongozi huitwa ningi. Yeye ndiye anayerusha vijembe kwa upande wa pili, anayetaja bei ya pamba, anayemsema mume mvivu, anayesifu ng'ombe na kulaumu viongozi. Simama karibu na kijana au mama anayecheka kabla ya wengine; huyo anasikia kila neno. Mwambie, "Nitafsirie kidogo." Usiombe kila mstari. Omba ule uliochekesha umati.

Na ningi akikuona wewe mgeni, anaweza kukuingiza kwenye wimbo. Atataja miwani yako au kiatu chako. Usikasirike wala usijifiche. Inua mkono, cheka, sogea, mtunze. Umati utakupenda palepale, na kundi lile litakuwa limepata watu kwa sababu yako.

Kushangilia kuna utaratibu. Wanawake hupiga vigelegele, vijana hupiga miluzi na mbinja, wengine hupiga makofi kufuata ngoma. Chagua unachokiweza na ukifanye kwa nguvu. Shangwe hafifu haimsaidii mchezaji. Ila usimzomee aliyekosea. Upande unaoukataa, uache kwa miguu. Hilo peke yake ni hukumu nzito ya kutosha.

Ukitaka kucheza, cheza pembeni, miongoni mwa watazamaji. Mstari wa kundi ni wa kundi. Wamefanya mazoezi kwa muda mrefu, na mgeni akiingia katikati anawavunjia pigo. Wakikuita kwa mkono, hapo ingia, cheza kidogo, toka ukiwa bado unashangiliwa.

Kuhusu sauti. Siku hizi makundi mengine hutumia spika kubwa. Kipimo rahisi ni hiki: kama inakubidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono wako akusikie, masikio yako yako mahali pabaya. Rudi nyuma. Pamba ya kawaida masikioni haisaidii sana, hata kama uko kwenye mkoa wa pamba. Kinachosaidia ni umbali na mapumziko. Mtoto mchanga usimpeleke mbele ya spika kabisa. Kila baada ya muda, toka nje ya umati, kunywa maji, kula kitu. Wauzaji hawakosekani: mihogo, miwa, karanga, na ukibahatika, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa. Kula matobolwa. Yatakupa nguvu ya kusimama mpaka jioni.

Kabla ya kuingia umatini, kubalianeni mahali pa kukutana mkipoteana. Chagua mti mkubwa, mbuyu au mwembe, si gari wala banda la muuza soda, kwa sababu hivyo vitahama. Ukimtafuta mwenzako, mtumie meseji. Kupiga simu pale ni kupoteza salio. Na umati ukihama kwa kasi kutoka kundi moja kwenda jingine, usisimame kuupinga. Tembea nao kwa mshazari mpaka utokee pembeni. Ukiona ugomvi, ondoka eneo hilo na uwaachie sungusungu au mgambo waliopewa zamu ya ulinzi.

Picha na video, omba kwanza kwa kiongozi wa kundi. Wengi watakubali, wengine watataka chochote kitu, na ni haki yao. Ukirusha mtandaoni, andika jina la kundi, kijiji na wilaya. Video nyingi za mbina zinazozunguka huandikwa tu "ngoma ya Kisukuma", na wacheza ngoma waliotoka jasho hawapati hata mwaliko mmoja kutokana nazo. Maandishi yako matatu yanaweza kuwapatia kazi.

Maana kazi ipo. Kama umependezwa na kundi na una harusi, mahafali au uzinduzi, zungumza na kiongozi wao siku ya pili, si siku ileile akiwa na jasho na umati. Muulize wako wangapi, kwa sababu kundi la bugobogobo lina watu wengi kuliko unavyodhani. Kubalianeni malipo yao, usafiri wa kwenda na kurudi pamoja na ngoma zao kubwa, chakula, na mahali pa kulala kama mtamaliza usiku. Toa kianzio na muandikiane. Wape kiwanja cha udongo kama unacho. Sakafu ya vigae ni mbaya kwa miguu inayoruka, na jembe likianguka pale litavunja vigae vyako. Na ukiweza kumudu, alika makundi mawili, Wagika na Wagalu, uwaweke pande mbili za uwanja, kisha uwaambie wageni wako wasimame.